Kadi Chini ya Jiwe

“Mahakama imesema sheria inabaki, Mheshimiwa. Wajawazito watibiwe bure. Umesikia redioni kama nilivyosikia mimi.”

“Na mimi nasema tunakata rufaa!” Diwani Mkumbukwa alifoka, kufuli jipya mkononi. “Mpaka rufaa isikilizwe, zahanati hii haipokei asiyelipa. Umesahau nani aliyekuombea kazi hapa, Mashavu?”

Muuguzi Mashavu hakuwa amesahau. Alitazama benchi la barazani. Kama kila siku ya kliniki, wajawazito walikuwa wamezipanga kadi zao hapo kufuatana na walivyofika, ya wa kwanza juu, wakazibana kwa jiwe zisipeperuke, kisha wakaenda kukaa kivulini. Kadi ya juu ilikuwa ya Subira, ambaye tangu juzi miguu ilimvimba hadi viatu vikamkataa. Huyo hakuwa wa kusubiri rufaa ya mtu.

“Nikiwapokea, utanifukuza?”

“Leo leo!”

“Basi nifukuze nikiwa kazini.”

Aliliinua lile jiwe, akamkabidhi diwani kwa mikono miwili, kwa adabu zote, kama anayemkaribisha mgeni chakula. “Nishikie, baba.” Naye, kwa mshangao, akalipokea.

Mashavu akachukua kadi ya kwanza, akaita kwa sauti iliyofika hadi sokoni: “Subira Mwinchande!”

Subira akainuka, peku, na nyuma yake wakainuka wote. Diwani alikuwa bado mlangoni, kufuli mkono huu, jiwe mkono ule.

“Tupishe, Mheshimiwa,” Subira alisema, bila kupunguza mwendo.