Chupa Iliyojaa

Muteguwe kitendawili hiki, ninyi munaosikiliza: vyombo vyote vikijaa vinafurahisha, lakini hiki kikijaa kinachoma roho. Mumeshindwa? Ni chupa ya dawa ya mugonjwa.

Daktari Sidonie alikuwa ameishika moja mbele ya dirisha, akiitazama kwa hasira. Insulini ya Christa, mugonjwa wake wa sukari. Aliileta yeye mwenyewe hapa mutaani Ndosho wiki tatu zilizopita, akaiweka kwenye chungu chenye muchanga na maji ili isiharibike na joto. Leo ingekuwa karibu kwisha. Lakini ilikuwa bado imejaa karibu mpaka shingoni.

“Docta, kaa basi,” alisema Olive, mama ya Christa. “Ungetuma habari, tungekuwekea chai.”

“Sikuja kunywa chai!”

Christa, miaka kumi na tano, alilala kwenye mukeka, midomo imekauka, anahema kama mutu aliyepanda mulima Nyiragongo mbio. Sukari yake ilikuwa imepanda vibaya. Daktari alikuwa amekwisha kumudunga sindano, na pikipiki za kuwapeleka hospitali zilikuwa njiani. Kilichobaki ni kufoka.

“Miaka sita ninamutunza mutoto huyu! Nimemufundisha kujidunga mwenyewe. Nani amemukataza?”

Olive aliinama kumufunika Christa kitenge.

“Mama Christa, ninakuuliza wewe!”

“Hakuna mutu, Docta.”

“Hakuna mutu! Kwani chupa inajijaza yenyewe kama kisima?”

Akamugeukia Clarisse, shangazi ya Christa, aliyesimama mulangoni na rozari shingoni. “Ni wewe na chumba chenu cha maombi! Mulimwambia amepona, si ndiyo?”

“Mimi?” Clarisse akaruka. “Tunamuombea, ndiyo. Lakini sindano hatukumunyima hata siku moja! Usinitukane ndani ya nyumba ya kaka yangu!”

“Basi munamunywesha majani.”

“Majani gani? Tafuta! Tafuta mwenyewe!” Clarisse alifungua kabati kwa nguvu, mulango nusura ung’oke. Ndani, sufuria zilipangwa kwa ukubwa, zinameta, bila hata alama ya masizi. Kando yake, jiko la makala lilikuwa limepanguswa vizuri, bila jivu wala kaa hata moja.

“Ona!” Daktari akapiga makofi kwa uchungu. “Nyumba safi hivi, sufuria kama vioo, na mutoto anakufa kwa ujinga wenu! Asubuhi amekula nini?”

“Tumekula, Docta,” Olive alijibu haraka, kama mama yeyote anavyomujibu mugeni. “Sisi wote tumekula.”

Nje, pikipiki zilipiga honi. Daktari akapiga magoti penye mukeka, akamushika Christa shavu. Mukono ulikuwa wa upole, sauti haikuwa.

“Binti yangu, ukimuficha mutu huyo, atakuua. Nitajie jina lake tu. Nitamufungisha leo leo, hata akiwa nani. Nani alikukataza sindano?”

Christa alimutazama mama yake. Olive akatikisa kichwa: hapana, usiseme.

Mutoto akalamba midomo.

“Ni wewe, Docta. Ulisema nisijidunge siku ambayo sijakula.”