Marehemu Asajiliwa Porto

Shabiki akifariki, sauti yake, iliyofundishwa mashine ikaweza kuongea, hubaki kuwa mali ya klabu yake. Kwa hiyo kila siku ya mechi marehemu Shomari alishangilia Estrela ya Lisbon kutoka kwenye spika ya sebuleni kwake Tanga, na mjane wake, Bi Mwanakombo, akipiga naye soga huku anapepeta mchele. Mpira hakuujua, alimpenda mwenye kelele.

Jumamosi hiyo, dirisha la usajili lilikuwa limefungwa jana yake. Dakika ya tatu tu, Estrela wakatunguliwa na mahasimu wao, Douro ya Porto.

"Gooooli! Wanyonyoeni hao kuku wa Lisbon!" Shomari akapiga ukelele.

Ungo ukamponyoka Bi Mwanakombo. Shemeji yake Mbaruku, aliyekuja kutazama mechi, akasimama.

"Kaka? Wewe na Porto?"

"Porto tangu nanyonya, mdogo wangu. Mbona umetoa macho?"

"Wamemuuza," Mbaruku akanong'ona. "Wamemuuza, wakamfundisha upya. Zima, shemeji. Kaka yangu alikuwa hali chakula siku Porto wakitufunga. Huyu simjui."

Mkono wa Bi Mwanakombo ulifika kwenye swichi, ukaishia hapo. Kicheko kilikuwa kilekile, na kile kikohozi kidogo mwishoni.

"Mama Nasra," sauti ikauliza, "mbona kimya? Wewe uko na nani?"

Hakuthubutu kumtazama shemeji yake.

"Porto, Baba Nasra," akajibu. "Si tuko pamoja siku zote?"