Kandambili ya Msellem

Ilham alichomoa kandambili iliyobana mlango wa friji, akaufunga. Alitaka tela lao la kulala safarini lipendeze. Mnunuzi alikuwa njiani.

"Usiufunge, mwanangu, litanuka," alisema mama yake, Bi Raya.

Kandambili ile ilikuwa ya marehemu Msellem, mumewe. Kila waliporudi safari, kabla hata ya kuoga, alilizima friji hilo kubwa la nyumbani alilolipachika mwenyewe ndani ya tela, akangoja barafu iyeyuke, akalipangusa kwa siki, kisha akavua kandambili ya kushoto na kuibana mlangoni ili lipate hewa. Aliingia nyumbani mguu mmoja peku, Bi Raya akimcheka. Ilikaa hapo hadi siku ya kuliwasha tena, na kesho yake alfajiri walikuwa barabarani.

Honi ikalia nje.

"Mama, amefika."

Bi Raya aliifuta kandambili vumbi kwa upindo wa kanga. Kisha akainama, akachomeka plagi. Friji likatetemeka, likaanza kunguruma.

"Kamwambie tumeshawasha friji, kesho alfajiri tuko barabarani," alisema, akatumbukiza mguu wake mdogo katika kandambili ile kubwa.