Kisima Chini ya Zulia

"Nataka kubatizwa leo, Mchungaji," mwanamke mgeni alisema, akisimama katikati ya matangazo ya Jumapili.

Mchungaji Elikana aliishusha karatasi ya matangazo. Nyuma yake lilining'inia bango la Mwaka wa Uamsho. Chini ya miguu yake kilikuwa kisima cha ubatizo, kimefunikwa kwa mbao, zulia na ngoma za kwaya, wala hakukumbuka kilifunuliwa lini mara ya mwisho.

"Mama, tutakupangia siku nyingine," Shemasi Yeremia alidakia.

"Ipi tena, baba? Mimi nimekuja leo."

Elikana akasukuma ngoma mwenyewe, akavuta zulia, akang'oa mbao. Harufu ya panya ikapanda. Kisima kilijaa spika mbovu, viti vilivyovunjika na mapambo ya Krismasi. Mwanakwaya mmoja akacheka, lakini hakupata wa kucheka naye.

Mwanamke akavua viatu, akashuka ngazi, akasimama katikati ya makorokoro yale, mikono kifuani, amefumba macho. Akangoja.

Elikana akapiga magoti, akaishika koki ya maji ya kisima kwa mikono miwili. Ikagoma. Akakaza mikono tena, na ndani ya ukuta bomba likaanza kukohoa.