Nguchiro Aliyefurahi Kukosea

Katika bonde moja lenye kisima kimoja, wanyama walishikwa na maumivu ya tumbo. Ngiri, aliyependa kuamua mambo haraka, akasema chanzo ni Chura anayeoga kisimani. Chura akaamriwa ahame.

"Ngojeni kwanza," akasema Nguchiro, ambaye hakuchoka kuuliza maswali. "Mimi nadhani ni yale matunda mekundu tunayokula sote siku hizi. Lakini tusidhani tu, tujaribu. Leo Chura aoge, kisha wewe Ngiri unywe maji hayo na usile kitu. Mimi nitakula matunda peke yake."

Wakafanya hivyo. Kulipokucha Ngiri alikuwa mzima. Nguchiro naye alikuwa mzima, tena anacheka.

"Unacheka nini, na wewe umekosea?" Ngiri akamuuliza.

"Nacheka kwa kuwa jana nilidhani, na leo najua. Si maji, wala si matunda. Haya, tulikula nini kingine sote?"

Kanga akakumbuka uyoga mweupe uliochipua baada ya mvua. Wanyama wakaacha kuula, na matumbo yakatulia.

"Huenda yangetulia hata hivyo," akasema Ngiri, ambaye sasa mchezo ulikuwa umemkolea. "Acheni mimi niule tena kidogo, tuhakikishe."

Jioni walimkuta amelala chali, ameshika tumbo, uso umejaa furaha.

"Mwambieni Chura asihame," akasema huku akiugulia. "Nilimsingizia, na safari hii nina uhakika."