Tisa Huamka, Mmoja Haamki

Kitendawili! Watu kumi wakipasuliwa moyo, tisa huamka. Watu kumi wakipasuliwa moyo, mmoja haamki. Je, hiyo ni habari moja au mbili? Fikirini kwanza, wajukuu zangu, maana Bi Mwanakheri alijibu upesi.

Enzi hizo kuta za nyumba zilikuwa zinasema. Mgonjwa akihitaji kupasuliwa, mkewe au mumewe aliulizwa mara mbili kama anakubali. Majibu yakigongana, uamuzi ulikuwa wa ukuta, na ukuta uliiga sauti ya yule aliyeulizwa ukabaki nayo daima.

Asubuhi Mwanakheri aliambiwa tisa huamka. Akasema, "Mpasueni mume wangu." Adhuhuri akaambiwa mmoja haamki. Akalia, "Msimguse!"

Basi ukuta ukasema kwa sauti yake, "Mpasueni." Mumewe, Bwana Shee, akapasuliwa, akaamka, akarudi nyumbani mzima.

Lakini tangu siku hiyo Shee alizungumza na ukuta tu.

"Mke wangu, nivae kanzu ipi?"

"Nyeupe," ukuta ulijibu.

"Mimi niko huku, Shee," alisema Mwanakheri, unga wa mahamri umemjaa mikononi.

"Wewe una ndimi mbili, bibi. Huyu hatetereki."

Asubuhi moja akauuliza ukuta, "Habari si ilikuwa moja tu? Mbona yule mwingine alinikataza nisipone?"

Jibu likatoka nyuma ya Shee, penye karai la mafuta, naye bado ameukodolea macho ukuta:

"Zilikuwa mbili, Shee. Katika wale tisa sikumwona mtu. Katika yule mmoja nilikuona wewe."