Ramani ya Duka la Tunu

Tovuti ya duka ilipokamilika, fundi Shomari aliigeuza kompyuta ili Tunu ajionee. Magauni yake yote yalikuwamo, na bei zake, na ramani ya kufikia dukani.

"Ramani ya nini?" Tunu aliuliza.

"Dada, biashara isiyo na mahali nani ataiamini? Sura yako umekataa niiweke. Basi hata njia watu wasiijue?"

Tunu aliitazama ile ramani. Mji huu aliuingia na mfuko mmoja tu wa nguo, na hakuna aliyewahi kumwuliza alikotoka. Lakini wateja walikuwa haba, na Shomari alikuwa amejitahidi.

"Haya, iache."

Shomari akaisambaza tovuti kwenye makundi yote ya simuni. Alasiri hiyo, wakiwa bado wanakunywa chai, ujumbe ukaingia.

"Mteja wa kwanza huyo!" Shomari akausoma kwa sauti: "Mshono huu naujua. Hongera, mke wangu. Kumbe ndiko ulikojificha."

Tabasamu likamfutika usoni. "Dada, hukuniambia una mume."

"Iondoe ramani."

Shomari alibonyeza hapa na pale. "Nimeiondoa. Lakini aliyekwisha kuiona, ameiona."

Tunu hakulia, wala hakufunga duka. Alikishika cherehani chake, ambacho siku zote kilitazama ukuta, akakiburura mpaka kikaelekea mlangoni. Akaketi, akaanza kushona bila kuitazama sindano. Macho yake yalikuwa kwenye pazia la mlango, lililokuwa likijaa upepo na kunywea.